Gogo la Njano Upande wa Giza

Bonde la Pruitt
Jumamosi, 7 Septemba 1935

Mdogo wangu Verdie,

Icie amechukuliwa. Aliyeniambia ni Lute Garber, msaidizi wa sherifu, akiwa amesimama kwenye baraza yangu juzi Alhamisi saa tatu asubuhi. Wakati ananiambia, mwanangu alikuwa ameshakaa ndani ya gari, kiti cha nyuma, kando ya Bi Pell, yule afisa wa ustawi anayepita nyumba kwa nyumba tangu serikali itangaze kwamba bonde letu linafanywa hifadhi.

Lute alivua kofia. Nikamwambia, "Lute, siku ya msiba wa mume wangu Harl ulikula mkate wa mahindi mezani kwangu, vipande vinne."

Akasema, "Dada Orlena, hii karatasi sikuiandika mimi."

"Kusoma unajua?"

"Kidogo."

"Basi isome kwa sauti."

Akaisoma. Inasema Icie Sisk, umri miaka kumi na sita, ana akili pungufu, na apelekwe kituo cha serikali kule Amwell kwa uangalizi. Sababu zilizoandikwa ni tatu. Ya kwanza, aliulizwa jina la gavana na hakulijua. Mzee Enos Tolliver, jirani yetu wa juu, ana miaka sabini na sita na halijui pia; anasema hajawahi kumwona huku. Ya pili, aliambiwa ashone mraba mmoja wa mfarishi wa viraka kwa kuigiza ule ulio kitandani kwangu, ule wa vipande vyembamba tunavyoviita magogo, na akashindwa kutenganisha rangi za giza na za mwanga. Ya tatu ni "kauli ya ndugu wa damu, chini ya kiapo."

Hilo la mshono nalijua lilivyokuwa. Siku Bi Pell alipompima, mwezi uliopita, mimi nilikuwa shambani kwa Enos nachimba viazi. Niliporudi Icie aliniambia, "Mama, yule bibi aliusifu mfarishi, akataka nimshonee mraba mmoja tu, kamili. Nikafikiri, kama ni mmoja tu, basi gogo lililopotea liingie humo humo." Akachukua gogo la njano akaliweka upande wa giza. Nikamwambia amefanya vizuri. Wewe na mimi tumelelewa kwenye desturi hiyo: mfarishi usio na kosa hata moja humwita mtu wa nyumba ile kaburini. Mama hakumaliza mfarishi hata mmoja bila gogo lililopotea, na Icie alijifunza kushona magotini pake.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua. Ndugu wa damu tumebaki watatu: mimi, wewe, na kaka yetu Asbury. Asbury hajui kuandika, lakini mdomo anao, na Bi Pell alikunywa kahawa kwake mara mbili. Jumapili ya wiki ijayo, siku ya ibada, nitamkuta kanisani.

Kutoka Baltimore hadi Amwell ni saa mbili kwa treni. Kutoka huku ni siku nzima na nusu. Nenda wewe ukamwone. Wiki hii sikutuma habari za bonde kwenye gazeti la wilaya, mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa ukiacha wiki ya Harl.

Dada yako,
Orlena


Baltimore
Jumatano, 11 Septemba 1935

Dada Orlena,

Barua yako nimeipata jana nikitoka kiwandani, na leo nimeharibu kola tano za shati. Msimamizi akasema, "Koontz, leo umeshonea kwa miguu?" Wenzangu wakacheka kwamba watu wa milimani hatuvai viatu, kwa hiyo miguu yetu ni mikono ya akiba. Siku nyingine ningemjibu.

Jumapili hii naenda Amwell. Nimekwisha uliza kituoni, kuna treni ya asubuhi. Nitampelekea soksi na zile biskuti za tangawizi anazozipenda.

Dada, nakuomba usigombane na Asbury kwanza. Hujui kama ni yeye. Watu wa serikali wana maneno yao, huenda "kauli ya ndugu" ni kitu wanachokiandika kwa kila mtu. Je, kwenye karatasi kuna jina? Au tarehe? Niandikie maneno yenyewe kama yalivyo. Na ile barua ya ruhusa waliyokupa Julai, ya kukaa nyumbani hadi Aprili, bado unayo? Itunze. Nyumba ikiwepo, Icie atakuwa na mahali pa kurudi.

Wewe ni mtu wa kujua nani kasema nini na lini, lakini mara moja moja acha kuuliza.

Mdogo wako,
Verdie


Bonde la Pruitt
Jumatatu, 16 Septemba 1935

Verdie,

Ile ruhusa ya kukaa hadi Aprili imefutwa. Karatasi ilipigiliwa msumari mlangoni kwangu Ijumaa, na aliyeipigilia ni msimamizi wa kikosi cha hifadhi, mtu mwekundu anayeitwa Strother. Inasema, "Sababu iliyofanya ruhusa itolewe haipo tena ndani ya nyumba." Nikamuuliza Strother ni sababu gani hiyo. Akasema yeye ana misumari tu. Natakiwa kuondoka kabla ya tarehe 10 Oktoba. Wamepaka namba ukutani kwa rangi nyeupe, 41, juu ya magogo ambayo babu yetu aliyachonga kwa shoka. Enos amepewa 42. Anasema ni mara ya kwanza nimemtangulia kwa kitu chochote.

Uliniambia nisigombane na Asbury. Barua yako ilifika Jumamosi na kanisa lilikuwa Jumapili, kwa hiyo niliisoma kabla. Nimegombana naye hata hivyo.

Nilimkuta kwenye ngazi baada ya ibada. Nikamwambia, "Asbury, Bi Pell alipokunywa kahawa kwako ulimwambia nini kuhusu Icie?"

"Nilimwambia ana masikio ya baba yake."

"Na kingine?"

"Kwamba anashona vizuri kuliko mama yake."

"Usinichezee. Umeapa kwamba mtoto hana akili."

Akasimama akanitazama mbele ya watu wote, akasema, "Orlena, mimi hata siku ya ndoa yangu nilimwambia mchungaji sitaapa, nitaahidi. Niape kwa ajili ya mwanamke mwenye kofia ya manyoya ya kuku?"

Watu wakacheka. Mimi nikamwita mwongo na mlafi. Akafunga farasi wake akaondoka, na gari la farasi nililokuwa nimemwomba kwa ajili ya kuhamisha vitu limeondoka pamoja naye.

Uliuliza maneno yenyewe ya karatasi. Jina halimo, tarehe haimo. "Ndugu wa damu wa msichana amethibitisha kwa kiapo upungufu wake tangu utotoni." Maneno ndiyo hayo. Sasa niandikie alivyo Icie, na usinifichie.

Orlena


Baltimore
Jumanne, 17 Septemba 1935

Dada Orlena,

Nimemwona. Mwili ni mzima. Nywele wamezikata hadi hapa kwenye sikio, wanasema ni kwa ajili ya chawa, nami nikamwambia yule mkuu wa wauguzi kwamba kichwa hiki hakijawahi kuwa na chawa, akasema ni kanuni.

Walitupa nusu saa, na mkuu wa wauguzi amekaa hatua mbili kutoka kwetu anafuma soksi. Icie anafanya kazi chumba cha mashine za kushonea, anapinda mashuka. Anasema mashine zao zimelegea uzi na hakuna aliyejua mpaka alipozikaza yeye. Hilo nalo wameliandika, sijui wameliandika kuwa ni nini.

Amepimwa tena. Daktari alimpa vitambaa, akamwonyesha ule mraba wa kwanza, akamwambia arekebishe. Icie akashona upya, akaliacha gogo la njano pale pale. "Mama Mdogo," akaniambia, "alisema nirekebishe. Nikautazama, sikuona kilichoharibika." Daktari akamwambia muuguzi, "Unaona?" Basi.

Kuna jambo jingine. Kwenye kitanda cha jirani alilala msichana anaitwa Dora, wa bonde la pili kutoka letu. Wiki iliyopita walimpandisha ghorofa ya juu, wakamwambia ana kidole tumbo. Alirudi baada ya siku tano, hasemi na mtu. Icie anasema wasichana sita katika chumba chao wametolewa kidole tumbo tangu Juni. Akaniuliza, "Mama Mdogo, kidole tumbo kinaambukiza?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Nami nilidhani hapana."

Dada, sijalala. Kuna kitu nataka kukuandikia, ila naona ngoja kwanza tujue watakavyoamua. Mwache Asbury.

Verdie


Bonde la Pruitt
Jumamosi, 28 Septemba 1935

Verdie,

Taarifa rasmi imefika kwa posta jana. Baraza la kituo cha Amwell litakaa Jumanne tarehe 22 Oktoba kuamua kama Icie afanyiwe operesheni ili asizae maisha yake yote. Mama mzazi ana haki ya kuhudhuria. Imeambatanishwa na nakala za ushahidi, kurasa nne.

Ukurasa wa tatu ni ile kauli ya ndugu wa damu. Safari hii imekuja nzima. Imeapwa Baltimore, tarehe 3 Julai mwaka huu.

Asbury hajawahi kufika Baltimore.

Saini naijua. Nilikufundisha mimi hiyo V, juu ya meza hii, kwa mkaa.

Orlena Sisk


Baltimore
Jumanne, 1 Oktoba 1935

Dada,

Ni mimi. Ningekuambia tangu barua ya kwanza, nikashindwa. Sasa nakuambia yote kwa mpango, kama unavyopenda wewe.

Tarehe 3 Julai Bi Pell alikuja hapa kwenye nyumba ninayopanga, yeye na mwanamume mwenye muhuri. Jina langu alilipata kwenye fomu uliyojaza wewe, mahali pa ndugu waliohama. Alikaa kwenye kitanda changu, kiti sina. Alikuwa mpole. Akasema familia zote zitaondolewa kabla theluji haijaanza, isipokuwa nyumba zenye mgonjwa. Hizo zinaachwa hadi Aprili. Nikamuuliza mgonjwa wa namna gani. Akasema mzee asiyeweza kutembea, au mtu mwenye akili pungufu. Mzee hatuna. Mama angekuwa hai ningemtaja Mama.

Nilikuwaza wewe na Icie mkiburuta kitanda kwenye theluji. Nikamwambia tunaye msichana, mpole, mzito kidogo. Nilidhani ataandika neno moja kwenye daftari na mtaachwa. Akaanza kuuliza. Nikasema Icie hakutamka neno hadi alipofika miaka minne, na hilo ni kweli. Nikasema anaweza kusimama nusu siku akimtazama buibui, na hilo pia ni kweli, ila sikusema kwamba baadaye alikuja akanichorea ule utando kwenye vumbi, nyuzi zote. Nikasema hajui kusoma. Huo ni uongo.

Halafu akauliza, "Hutembea peke yake milimani?" Nikasema ndiyo, sote tulitembea. Akauliza, "Hujui hukutana na nani?" Nikasema sijui. Yeye ndiye aliyeyaunga hayo mawili yakawa sentensi moja, kana kwamba msichana hukutana na wanaume. Alinisomea haraka, nami nikatia saini. Yule mwanamume akagonga muhuri juu ya goti lake.

Barua ya ruhusa ilipokufikia mwishoni mwa Julai ukaniandikia kwamba hujui kwa nini Mungu amekuchagua wewe katika nyumba zote za bonde, nililia kwa furaha chooni kiwandani. Nilijiona nimefanya kitu kikubwa. Sikujua kwamba mgonjwa wao humchukua. Naapa sikujua. Neno hilo sistahili kulitumia tena, lakini sina jingine.

Niambie nifanye nini.

Verdie


Kwa Asbury, chini ya Bonde la Pruitt
Ijumaa, 11 Oktoba 1935

Verdie,

Nyumba imechomwa jana. Aliyetoa amri ni Strother, na kiberiti alikiwasha mwenyewe saa saba mchana. Sababu aliyoitoa ni kwamba wakiziacha zimesimama watu hurudi. Paa lilianguka baada ya dakika ishirini na tano. Ukuta wa kaskazini, ule wenye magogo ya mwaloni yenye upana wa futi mbili, ulikuwa bado umesimama nilipoondoka saa kumi.

Strother aliniambia, "Mama, sogea nyuma, kuna cheche."

Nikamwambia, "Cheche zangu."

Mzee Enos alisimama nami muda wote. Akasema, "Miaka yote nimelalamika nyumba yenu ina moshi mwingi, hakuna aliyenisikiliza." Kisha akaenda kufunga kuku wake. Namba 42 ni Jumatatu.

Barua yako ya tarehe 1 ilifika tarehe 4. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nahama, na kwa sababu nilitaka kwanza nijue mambo mawili kwa uhakika.

La kwanza. Niliteremka mjini Jumatatu nikaonana na Bwana Hobart Kyle, karani wa mahakama ya wilaya. Nilimwonyesha kurasa nne. Alisema hivi: kiapo chako kikiondolewa, baraza linabaki na gavana na mraba wa kitambaa, na hajaona bado baraza lililokata mtu kwa vitu hivyo viwili peke yake, ingawa hawezi kuahidi. Kisha akasema: mtu aliyeapa akirudi akaapa kinyume, kimoja katika viapo vyake ni uongo, na adhabu ya kiapo cha uongo katika jimbo letu ni kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Nikamuuliza kama huwa wanashtaki kweli. Akasema mara nyingi hapana, ila Bi Pell si mtu wa kuachia. Nimekuandikia yote mawili kama alivyoyasema. Sikuombi. Nakuarifu.

La pili. Nilimwandikia Icie kwamba akipewa vitambaa tena aweke kila gogo upande wake. Mkuu wa wauguzi ameirudisha barua, imefunguliwa, na juu yake kaandika, "Mgonjwa asifundishwe majibu." Wewe ndiye unayeweza kumfikia. Mwambie kwa mdomo: katikati nyekundu, mwanga huku, giza kule, na asiache kosa hata moja. Mwambie ni mimi nimesema. Mama nitamjibu mwenyewe nikifika aliko.

Nilikwenda kwa Asbury siku ile ile iliyofika barua yako. Alikuwa anachonga mpini.

Nikasema, "Nilikuita mwongo mbele ya kanisa zima."

Akasema, "Na mlafi."

"Mlafi silifuti."

Akacheka kwa pua, akatia farasi kwenye gari. Tangu jana nalala kwake. Nyumba yake iko nje ya mpaka wa hifadhi kwa hatua mia na arobaini, amezihesabu. Sijamwambia saini ilikuwa ya nani. Ukitaka ajue, mwambie wewe.

Umeuliza ufanye nini. Nimekwisha kuandika ninachokijua. Kuhusu mimi na wewe sina la kuandika leo.

Orlena


Baltimore
Jumanne, 15 Oktoba 1935

Dada Orlena,

Nimeapa upya leo saa tano asubuhi, mbele ya yule yule mwanamume mwenye muhuri. Alinitambua. Alisoma karatasi mara mbili, akaniuliza, "Unaelewa unachokisema kuhusu cha kwanza?" Nikamwambia cha kwanza ndicho sikukielewa. Akauliza kama kuna mtu amenilazimisha. Nikamwambia ninaye dada ambaye hajawahi kumlazimisha mtu, huwa anamwambia tu ukweli na kumwacha nao. Hakuandika hilo. Nakala moja nimeituma kituoni Amwell, moja kwa Bwana Kyle, ya tatu ninayo kwenye mkoba. Msimamizi kiwandani nimemwambia sitakuwepo Jumanne, na huenda na siku nyingine. Akaniuliza siku ngapi. Nikasema sijaambiwa.

Barua yako ya Ijumaa nimeipata jana, lakini Jumapili nilikuwa nimekwisha kwenda kumwona. Nilijua utakalosema kuhusu mraba, kwa hiyo nilimwambia kabla hujaniagiza.

Mkuu wa wauguzi alikuwa pale pale na soksi yake. Sikunong'ona. Nimechoka na kunong'ona. Nikasema, "Icie, wakikupa vitambaa, kila gogo upande wake. Usiache lililopotea."

Mkuu wa wauguzi akasema, "Hairuhusiwi."

Nikamwambia, "Basi andika kwamba nimesema."

Icie akasema, "Mama Mdogo, Bibi alisema mraba mzima unamwita mtu wa nyumba ile."

"Nyumba ipi?"

"Yetu. Mama yumo peke yake."

Ikabidi nimweleze. Nilijua tarehe kwenye karatasi ya Strother ilikuwa imepita, na siku hizi hawaahirishi. Nikasema Mama yako lazima atakuwa kwa Asbury, hana pengine pa kwenda, na nyumba itakuwa imeshachomwa, kama wanavyozichoma zote. Akatazama mikono yake. Imejaa matundu ya sindano. Akauliza, "Na meko?" Nikasema mawe hayaungui. Kisha akasema, polepole kabisa, "Basi hakuna wa kuitwa. Nitaushona mzima."

Dada, nilijua ndicho tulichokitaka, na bado nilitamani asingekubali.

Hapo nikamwambia lililobaki. Nikasema, "Icie, aliyewaambia kwamba huna akili ni mimi." Nikamweleza kuhusu Aprili, theluji, na yule mwanamume aliyegonga muhuri kwenye goti.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Na walikuamini wewe? Wewe uliyempeleka beberu kukamuliwa?"

Mkuu wa wauguzi alicheka, mara moja tu, akainamia soksi. Mimi sikuweza kucheka. Icie naye hakucheka. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba. Aliuliza kama siku hiyo nitakuja. Nikasema nitakuja. Akasema, "Kaa mbele, nikuone ukisema."

Nilipokuwa natoka niliona chumba chao kwa mlango uliokuwa wazi. Vitanda ishirini na vinne, mablanketi ya kijivu. Cha Dora kimetandikwa na hakina mtu. Sikuuliza.

Asbury nimemwandikia mwenyewe. Barua yake iko ndani ya bahasha hii. Itabidi umsomee wewe, maana hajui kusoma. Pole kwa hilo. Msomee yote, usiruke.

Karani wa Amwell ameniandikia ratiba kwa mkono wake, nainakili hapa ili uwe nayo. Kikao ni Jumanne tarehe 22 Oktoba, saa nne asubuhi, ghorofa ya chini, chumba cha mwisho kulia. Ukitoka huko Jumapili mchana na Asbury hadi kituo cha treni, utafika Amwell Jumatatu jioni, nitakuwa nakungoja kwenye jukwaa la treni. Wataitwa mashahidi kwanza, na jina langu ndilo la kwanza. Baada yangu Bi Pell, baada yake wewe. Icie ataitwa mwisho, na vitambaa vitakuwa mezani.

Uamuzi utatolewa siku hiyo hiyo. Operesheni, endapo ruhusa itatolewa, imepangwa Jumatano tarehe 23, saa mbili asubuhi.

Mdogo wako,
Verdie Koontz